Mvua ileile, samadi ileile, mbona kaboni haikai sawa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Shamba langu limekatwa na kijito. Upande mmoja udongo ni mwekundu, na ukichimba unakutana na jiwe jeusi la volkano. Ng'ambo ni kichanga juu ya graniti. Mvua ni moja na samadi nagawa sawa kwa sawa, lakini maabara inasema upande mwekundu una kaboni karibu mara tatu ya ule wa kichanga. Nakosea wapi? Na nikilisaga lile jiwe jeusi nikalimwaga ng'ambo, nitasawazisha?

JIBU: Marahaba. Hukukosea popote. Jambo hilo liliamuliwa na mwamba kabla jembe lako halijafika.

Chukua bonge kila upande, lilowanishe, ulivingirishe kiganjani. La graniti litakukwaruza na kumeguka, kwa sababu graniti imejaa kwatsi, madini magumu ambayo mwamba ukichakaa hubaki mchanga. La basalti, ndilo jiwe lako jeusi, litavutika na kukuachia kiganja chekundu. Wekundu huo ni oksidi za chuma. Basalti ina chuma, magnesiamu na kalsiamu kwa wingi, huchakaa upesi na huzaa mfinyanzi.

Sasa ifuate samadi. Vijidudu huianza mara moja, na sehemu kubwa ya kaboni yake hurudi angani. Inayosalimika zaidi ni ile iliyonata kwenye mfinyanzi na oksidi za chuma na alumini, au iliyofungiwa ndani ya vibonge vidogo ambamo vijidudu havipenyi. Samadi ni mgeni. Mfinyanzi ndiye mwenye vitanda. Na mifinyanzi haifanani: gramu 1 ya smektaiti inaweza kuwa na uso wa mita za mraba zipatazo 800, wakati kaolinaiti, inayotokana mara nyingi na feldspa, madini mengine ya graniti, huwa kati ya 10 na 20. Mchanga haufiki hata 1. Udongo wako, kwa wekundu ule, naamini unategemea oksidi zaidi kuliko smektaiti, ambayo hupenda mabonde yanayotuamisha maji.

Jina la mwamba pekee halitoshi, umri nao una neno. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulilinganisha udongo wa volkano wa Hawaii, kuanzia wa miaka 300 hadi wa zaidi ya milioni 4. Kaboni iliongezeka hadi udongo wa miaka kama 150,000, kisha ikapungua, kwa kuwa madini laini yasiyo na umbo la fuwele, yanayoishika vizuri kuliko yote, yalikuwa yamegeuka fuwele.

Mwenye shamba juu ya mawe ya chokaa (najua mpo, mnaniandikia sana) adondoshee udongo siki kabla ya kuupeleka maabara. Ukitoa povu, awaambie. Mashine inayounguza sampuli nzima huhesabu kaboni ya jiwe kana kwamba ni mboji, na mtu akaja kujisifu bure.

Kuhusu kusaga basalti: unga wake hukutana na maji yaliyobeba kaboni dioksidi, nayo kaboni dioksidi ikageuka bikaboneti, yaani kaboni iliyoyeyuka majini, na kuteremka na maji. Udongo hupunguza asidi na hupata kalsiamu na magnesiamu. Ni faida, lakini hiyo si mboji, na mfinyanzi wa kuishika mboji hauzaliki kwa misimu michache. Hutasawazisha.

Kwa hiyo acha kuulinganisha mchanga na jirani yake. Ulinganishe na wenyewe wa miaka mitano nyuma. Kaboni yake nyingi ni vipande vya mimea visivyoshikwa na chochote, na ukiupindua udongo vinaliwa haraka. Ile samadi igawe kidogokidogo, mara nyingi zaidi. Uache mabaki ya mazao juu, na ulime kwa uchache. Upande mwekundu, safari ijayo peleka pia sampuli ya chini ya sentimita 30. Huko ndiko madini mengi bado yana nafasi.