Ndege Imekwisha Tua, Mbona Abiria Hawatolewi?

SWALI: Ndege inapotua kwa dharura na kuzungukwa na magari ya zimamoto, kwa nini wakati mwingine abiria huambiwa wabaki vitini?

JIBU: Ni kwa sababu kutoka nako kuna hatari yake. Watu huvunjika miguu kwenye mitelezo ya dharura, na anayefika chini anaweza kujikuta karibu na injini inayozunguka au mafuta yaliyomwagika. Mwaka 2010, ndege ya Qantas iliporejea Singapore baada ya injini yake moja kupasuka, rubani mkuu aliwabakiza abiria ndani, kwani mafuta yalikuwa yakivuja karibu na breki zenye joto kali na injini nyingine ilikuwa haizimiki. Baadaye walishuka kwa ngazi, na hakuna aliyeumia.

Moto ukiwa ndani, uamuzi hugeuka kabisa. Mwaka 1980 ndege ya Saudia ilitua Riyadh ikiwaka, lakini ikaendelea kutembea, injini zikachelewa kuzimwa na milango haikufunguliwa kwa wakati. Watu wote 301 walikufa, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba ardhi walikuwa wamekwisha ifikia.

Kwa kawaida agizo hutolewa na rubani mkuu. Hata hivyo, mawasiliano yakikatika, wahudumu huruhusiwa kuamua wenyewe, kama alivyofanya mhudumu wa nyuma katika ndege ya Japan Airlines iliyoungua Haneda mwaka 2024, ambamo watu wote 379 waliokolewa. Agizo likitolewa, tafadhali acha mzigo wako.