Beetle ya kadi ya 1965 yenye chasisi 116: usilipie hizo kingipini

Simamisha malipo hayo kabla hujalala. Umeuliza rangi ya kiwandani ya Volkswagen Beetle 1300 yako na maana ya namba ya injini, kisha ukagusia kwa kupita tu kwamba kadi inasema 1965, namba ya chasisi inaanza na 116, na umeshaagiza kingipini (pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia) na duramu za breki za mbele "za 1965" kutoka Ujerumani. Hapo ndipo nilipoumia mimi.

Pale Wolfsburg, kiwandani kwa Volkswagen, mwaka wa modeli ulianza Agosti, baada ya likizo ya kiangazi. Katika chasisi za miaka hiyo, 11 ni Beetle na tarakimu ya tatu ni mwaka wa modeli, kwa hiyo 116 ni modeli ya 1966, hata kama gari lilitoka kiwandani Agosti 1965 na kusajiliwa mwaka huohuo. Modeli hiyo ndiyo iliyokuja na boljointi (viungo vya tufe la chuma) mbele badala ya kingipini.

Fundi wangu, aliyejigamba kwamba alianza kufungua Beetle kabla sijazaliwa, aliisoma kadi ya Beetle yangu akaniandikia orodha: kingipini, bushi, duramu. Muuzaji naye aliuliza mwaka tu, akapokea fedha, na chasisi hakuitaja hata siku moja. Nilikopa ili nilipe nauli ya ndege ya mzigo na ushuru. Siku ya kufunga, fundi alipokwangua grisi iliyoganda na kuosha kwa mafuta ya taa, zikajitokeza boljointi nne, mbili kila upande. Akazitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kiwanda kilikosea. Muuzaji alijibu kwamba mzigo uliofunguliwa haurudishwi. Maboksi yamo stoo hadi leo, na mke wangu huyaita urithi wa watoto.

Inua kiti cha nyuma, usugue kwa brashi nundu ya katikati ya sakafu, upake chaki juu ya namba iliyogongwa pale, na upige picha. Muuzaji apewe picha hiyo. Kadi ibaki kabatini. Akikutajia namba ya kipuri, tazama tarakimu ya nne: 4 ni ekseli ya mbele, 6 ni magurudumu na breki.

Na ukisikia mtu ana Beetle yenye chasisi 115, yaani modeli ya 1965 ya kingipini, mwelekeze kwangu. Bei ni maelewano.