Kuhusu 221(g) kwa viza ya J-1 (ya programu za kubadilishana) ya ualimu

Mwalimu, umesema ulihojiwa Nairobi, ukapewa karatasi ya 221(g) (kifungu cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinachozuia viza hadi nyaraka au uchunguzi ukamilike), na shule Marekani inafungua mwezi ujao. Usiombe upya, utalipa ada tena na kuanza foleni mwanzo. Neno "Refused" kwenye CEAC, tovuti ya Marekani ya kufuatilia maombi ya viza, huwatisha wengi, lakini kwa 221(g) faili bado iko wazi. Kama karatasi imetaja nyaraka, una mwaka 1 wa kuzipeleka, kwa njia iliyoandikwa hapo tu.

Kinachoumiza zaidi ni tarehe ya kuanza kwenye DS-2019, fomu ya programu unayopewa na mdhamini. Mwandikie leo mdhamini wa programu (siyo mkuu wa shule, hana mamlaka hayo) aisogeze katika SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kumbukumbu za programu hizi) na akutolee fomu mpya, kisha upeleke nakala ubalozini. Namba yako ya SEVIS kwenye fomu, inayoanza na N, ikibaki ileile, ada ya SEVIS ya dola 220 hulipi tena. Na huruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe hiyo ya kuanza.

Tafadhali sana, usijiuzulu TSC (Tume ya Utumishi wa Walimu ya Kenya) wala kununua tiketi isiyorudishiwa pesa kabla pasipoti haijarudi na viza ndani.