Kufunga mlango ndo insulini itoke?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mama ana sukari, anameza glibenklamaidi, nesi wa kliniki akamwambia hiyo dawa inafunga mlango kwenye kongosho ili insulini itoke. Sasa unafungaje mlango halafu kitu kitoke? Mdogo wangu wa fomu foo anadai mitokondria zinahusika, mi najua zinatengeneza nguvu tu basi. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole na kuuguza. Mdogo wako yuko sahihi, na nesi pia.

Mama akishakunywa chai na chapati sukari inapanda kwenye damu, inaingia seli za beta za kongosho bila hodi, mitokondria, vile vijisehemu vidogo vya ndani ya seli, zinaichoma zinatoa ATP (ndo nguvu inayotumiwa na seli), na hiyo ATP ndo inaenda kuziba milango ya potasiamu kwenye utando wa seli. Potasiamu ina chaji chanya, ikikosa pa kutokea umeme wa seli unabadilika, hapo sasa milango mingine ya kalsiamu inafunguka. Nje ya seli kalsiamu ni kama mara 10,000 ya iliyopo ndani, kwa hiyo inaingia kwa kasi, na vifuko vya insulini vilivyokuwa vinasubiri pale ukingoni vinamwaga. Yaani mlango mmoja unafungwa, mwingine unafunguka. Dawa ya mama inaziba ule wa potasiamu yenyewe, haingoji chakula, ndo maana akimeza akakaa na njaa anaweza kuanza kutetemeka na kutoka jasho. Tafadhali ahakikishe anakula.

Ila wengi wanaishia hapo na mimi naona wanaacha kitu kikubwa. Mitokondria nazo zinavuta kalsiamu, protini ya kijitundu inachopitia ilitambuliwa 2011, na kalsiamu ikiingia mle inaamsha vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za seli), ATP inaongezeka, insulini inaendelea kutoka. Kwenye tezi za adrenali, zile za juu ya figo, mitokondria pia zinafyonza kalsiamu ikishaingia, adrenalini (homoni ya mshtuko) isimwagike kupita kiasi.

Na mitokondria zikiwa na hitilafu? Kuna sukari inayorithiwa kwa mama tu, maana mitokondria zetu zinatoka kwake, na inakuja pamoja na uziwi, chanzo chake kwenye DNA ya mitokondria kilielezwa 1992. Ni nadra, lakini kama mama masikio yanazidi kuwa mazito na bibi mzaa mama alikuwa hivyohivyo, mwambieni daktari yote mawili siku moja, kwa sababu masikio yanapelekwa kliniki yake, sukari kliniki yake, na hakuna anayeunganisha. Dawa asiache mwenyewe.