Maswali ya Wasomaji: Klorini Inapokutana na Uchafu wa Maji

Tangu mvua za masika zishike kasi, tumepokea barua kadhaa kutoka Arusha na Moshi zinazouliza jambo moja kwa namna mbalimbali: je, dawa inayotiwa kwenye maji ili kutukinga na maradhi inaweza yenyewe kutuletea maradhi? Barua nyingine tumezifupisha, lakini maana ya waandishi wake haikubadilishwa.

Mvua zikinyesha sana, maji ya bomba huku kwetu hutoka na rangi ya chai nyepesi, na harufu ya dawa huwa kali. Kijana wangu wa kidato cha sita ameniambia kwamba klorini ikichanganyika na uchafu huzaa kemikali zinazoleta saratani. Tangu siku hiyo nimeacha kutia dawa kwenye madumu ya maji ya kunywa. Je, nimefanya sawa? – Mama wa watoto wanne, Sombetini, Arusha

Dada yangu, kijana wako amesoma vizuri, lakini uamuzi ulioufanya baada ya kumsikiliza unaiweka nyumba nzima hatarini, na ninakuomba urudie kutia dawa leo hii.

Klorini inapoingia majini haiui vimelea tu. Hushambulia pia mabaki ya mimea yaliyoyeyuka: majani yaliyooza, magome, na udongo mweusi unaosombwa na mvua kutoka mashambani na msituni, na mabaki hayohayo ndiyo yanayoyapa maji ile rangi uliyoiona. Kutokana na mapambano hayo huzaliwa kemikali mpya ambazo hazikuwemo mtoni wala kwenye chupa ya dawa. Kundi linalojulikana zaidi ni la trihalomethani, ambalo klorofomu ni mojawapo, na kundi jingine ni la asidi za haloasetiki. Jambo hili lilifahamika mwaka 1974, pale mkemia Johannes Rook wa shirika la maji la Rotterdam, Uholanzi, alipoonyesha kwamba klorofomu iliyokutwa katika maji ya mji ilikuwa ikizaliwa ndani ya mtambo wenyewe, baada ya klorini kutiwa. Mwaka huohuo watafiti wa Marekani walikuta hali hiyohiyo kwao, na mwaka 1979 nchi hiyo ikaweka kikomo cha mikrogramu 100 za trihalomethani kwa lita moja ya maji, kikomo ambacho baadaye kilishushwa hadi 80. Shirika la Afya Duniani, linalopima kila kemikali peke yake, limeweka mikrogramu 300 kwa lita kwa klorofomu. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo tunazungumzia viwango vidogo sana, ambavyo hata hivyo mtu huvinywa kila siku kwa maisha yake yote.

Na hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Madhara yanayohofiwa ni ya miaka mingi. Tafiti kadhaa zilizofuatilia watu waliokunywa maji yenye kemikali hizi kwa makumi ya miaka zimeyahusisha na ongezeko la saratani ya kibofu cha mkojo, na hilo si jambo la kupuuza. Lakini kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima ndani ya saa chache asipopata matibabu, na mtoto humaliza maji ya mwili upesi zaidi. Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa hadi mikoa mingi ya nchi yetu, Arusha ikiwemo, na wengi wetu tunakumbuka jinsi biashara ya vyakula na vinywaji vya barabarani ilivyopigwa marufuku sehemu nyingi. Shirika la Afya Duniani limelisema hili bila kuzunguka: juhudi za kupunguza kemikali hizi zisidhoofishe kamwe uuaji wa vimelea.

Kwa hiyo usiiondoe klorini, ondoa chakula chake. Mitambo mizuri ya maji hufanya hivyohivyo: hutia shabu ili uchafu ushikamane na kuzama, huyachuja maji kwenye mchanga, kisha ndipo klorini hutiwa, kwenye maji yaliyokwisha kutakata. Nyumbani, yaache maji yatulie usiku kucha kwenye ndoo iliyofunikwa, asubuhi uyamimine taratibu bila kutibua kilichozama, ukiyapitisha kwenye kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne au zaidi. Kitambaa hakitaondoa rangi yote, kwa sababu sehemu yake imeyeyuka, lakini kitazuia takataka nyingi ambazo zingeitumia dawa yako bure. Kisha tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, funika, na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Utaona kwamba maelekezo mengi yanataka dozi mara mbili kwa maji yenye tope. Hiyo ni sababu nyingine ya kuyatakasa kwanza, kwa kuwa dozi kubwa ikikutana na uchafu mwingi huzaa zaidi ya hizo kemikali tunazozikwepa.

Nina neno kuhusu mbegu za mlonge, kwa kuwa najua zinatumika sana. Ni kweli mbegu zilizosagwa huzamisha tope vizuri, na kwa mtu asiye na njia nyingine ni msaada mkubwa. Ila mbegu yenyewe huacha majini utomvu na protini zake, ambavyo navyo ni chakula cha klorini na cha bakteria pia. Anayetumia mlonge ayachuje maji baada ya tope kuzama, ndipo atie dawa, na asiyaweke kwa siku nyingi.

Kuhusu harufu: ile unayoisikia ni ya klorini yenyewe, au ya klorini iliyoungana na amonia. Haikuambii kiasi cha trihalomethani, kwa sababu hizo, kwa viwango vya kawaida vya maji ya bomba, pua haizitambui.

Nina simtanki la lita 2,000 juu ya nyumba. Maji ya bomba hayaji kila siku, hivyo hujaza na kuyatumia hata wiki mbili. Kila nikiona maji yamebadilika harufu, hutupia vidonge vya klorini vya kutosha. Mke wangu huyachemsha yale ya kunywa. Je, kuchemsha kunaondoa hizo kemikali? – Mzee mstaafu, Pasua, Moshi

Shikamoo mzee wangu. Nianze na tanki, kwa sababu nadhani tatizo kubwa liko huko kuliko jikoni.

Tanki likiwa tupu, ukipapasa sakafu yake karibu na mahali bomba la kutokea lilipo, bila shaka utakuta tope laini linaloteleza vidoleni, na kwenye kuta utagusa utando. Vyote viwili ni mabaki ya viumbe. Vidonge unavyotupia huzama moja kwa moja kwenye tope hilo na kuanza kupambana nalo, kwa hiyo dawa huisha kabla ya kuwafikia wadudu waliotawanyika majini, huku kemikali mpya zikizaliwa. Ongeza joto la Moshi la Januari au Februari juu ya tanki jeusi lililo juani, na muda wa wiki mbili, utakuwa umetimiza karibu kila sharti la kuzizalisha: uchafu, klorini nyingi, joto, na muda mrefu.

Tafadhali limwage tanki lote, umwambie kijana mwenye nguvu alisugue kwa brashi na maji safi, alisuuze hadi maji yatoke meupe, kisha ndipo mlijaze upya. Rudieni kazi hiyo kila baada ya miezi michache, na mara tu baada ya mvua kubwa ikiwa maji yaliingia na tope. Hakikisha mfuniko unabana na tundu la hewa lina wavu, ili majani na mijusi wasiingie. Badala ya kulitibu tanki zima, tibuni maji ya kunywa peke yake, ndoo kwa ndoo, kwani ya kufulia na kudekia hayahitaji dozi hiyo.

Sasa kuchemsha. Trihalomethani ni kemikali zinazopaa upesi, na sufuria ikichemka bila mfuniko kwa dakika chache, sehemu kubwa huondoka na mvuke. Mama aache mfuniko pembeni maji yanapochemka, na dirisha la jiko liwe wazi, kisha afunike yanapopoa. Asidi za haloasetiki hazipai kirahisi hivyo, nyingi hubaki. Lakini vimelea hufa, na hilo ndilo la kwanza. Ajue pia kwamba maji yaliyochemka hayana tena klorini ya kuyalinda, na kikombe kimoja cha mtoto kikichovywa ndani yanaweza kuchafuka upya. Ndoo yenye koki na mfuniko ni bora kuliko sufuria inayotekwa kwa kikombe.

Hapa kwetu Ngaramtoni meno ya watoto yana madoa ya kahawia. Je, klorini inaongeza tatizo hilo? – Msomaji, Arusha

Hapana. Madoa hayo husababishwa na floridi iliyomo katika miamba ya volkano inayouzunguka Mlima Meru, nayo huingia majini ardhini, kabla maji hayajafika kwa mtu yeyote. Klorini haiiongezi wala haiipunguzi. Kuchemsha nako hakuiondoi, bali maji yakipungua sufuriani floridi iliyobaki huwa nzito zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Njia iliyofanyiwa kazi sana mkoani mwetu, hasa katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ni ya kuyapitisha maji kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliochomwa kitaalamu. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo, kwa hiyo asije mtu akakuuzia gunia kwa jina la chujio.

Mimi ni mjamzito wa miezi mitano. Nimesikia maji ya bomba yanadhuru mimba, hata ya kuoga. – Majengo, Moshi

Mdogo wangu, hongera, na usiogope. Wapo watafiti waliochunguza uhusiano kati ya trihalomethani nyingi na watoto kuzaliwa na uzito mdogo au mimba kuharibika, lakini matokeo yao hayakubaliani, na hakuna aliyewashauri wajawazito waache maji yaliyotiwa dawa. Homa ya matumbo wakati wa ujauzito ni hatari isiyo na ubishi. Ni kweli kwamba kemikali hizi huingia mwilini pia kwa kuvuta mvuke wa maji ya moto na kupitia ngozi. Acha dirisha la bafu wazi, usikae muda mrefu kwenye mvuke, na kunywa maji yaliyochemshwa bila mfuniko. Hayo yanatosha. Kliniki usiache.

Nimeamua kununua maji ya chupa tu. Je, niko salama? – Njiro, Arusha

Uko salama kwa kadiri ya umakini wa aliyeyajaza. Viwanda vingi hutumia ozoni, gesi inayoua vimelea, badala ya klorini, na ozoni haizai trihalomethani kama klorini inavyofanya, ila ikikuta bromidi, chumvi ya asili, majini inaweza kuzaa bromati, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, ambayo kikomo chake cha kimataifa ni mikrogramu 10 kwa lita. Machi 2004 kampuni ya Coca-Cola iliyaondoa sokoni maji yake ya Dasani nchini Uingereza kwa sababu bromati ilizidi kikomo hicho, na hao walikuwa na maabara na wataalamu wa kila aina. Angalia alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na muhuri wa kifuniko, na usiyaache madumu hayo juani. Sioni sababu ya familia yenye bomba la mamlaka kubeba gharama hiyo mwezi kwa mwezi, wakati fedha ileile ingenunua chujio zuri la mkaa wa kaboni, ambalo hupunguza trihalomethani ilimradi kaboni ibadilishwe kwa wakati.

Kamati yetu ya shule imealikwa kwenye kikao na watu wa mamlaka ya maji. Tuulize nini? – Mwalimu, Rau, Moshi

Mwalimu, ulizeni maswali yanayojibika kwa namba. Msiulize kama maji ni salama, kwa sababu jibu mnalijua kabla ya kuingia ukumbini.

Ulizeni kwanza maji yenu yanatoka wapi: chemchemi, kisima kirefu, au mto. Kwa kawaida maji ya chemchemi na ya visima virefu yamechujwa na ardhi na yana mabaki machache ya mimea, ilhali maji ya mto hubadilika mvua ikinyesha saa moja tu. Ikiwa vyanzo vinachanganywa, ulizeni ni miezi gani mto huongezwa, na kama hutibiwa kwa shabu na mchanga kabla ya klorini au hutiwa klorini yakiwa na tope. Swali hilo moja litawaambia mengi kuliko brosha nzima.

Kisha ulizeni kiasi cha klorini kinachobaki bombani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau miligramu 0.2 kwa lita pale mtumiaji anapochota, na kipimo chake ni rahisi, kinafanyika hapohapo kwa vidonge vya kubadilisha rangi. Waombeni waje wakifanye mbele ya wanafunzi. Trihalomethani zahitaji maabara yenye mashine ya kutenganisha gesi, kwa hiyo msitarajie kipimo cha kila wiki. Ulizeni mara ya mwisho zilipimwa lini, katika msimu gani, na sampuli ilichukuliwa wapi. Sampuli ya kiangazi iliyochotwa mlangoni mwa mtambo haisemi mengi, kwa kuwa kemikali hizi huendelea kuzaliwa kadiri maji yanavyosafiri na kukaa mabombani, huku klorini ikipungua. Panapostahili kupimwa ni mwisho wa mtandao, wakati wa masika. Ikiwa bomba la shule yenu liko mwisho wa njia, ombeni kwa maandishi liwekwe katika orodha ya vituo vya kuchukulia sampuli, na mbaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.