Nilivyopewa jina la Shotikati

Juzi dada mmoja aliyenunua kompyuta yake ya kwanza aliniandikia: "Kaka, imeniambia memori haitoshi. Nimefuta picha zote, nimefuta hata video za mwanangu akianza kutembea, na bado inakwama vilevile. Nifute nini tena?"

Nilishika kichwa. Kabla ya salamu nikamjibu: usimwage pipa la taka! Faili uliyoifuta kwenye diski ya kompyuta kwa kawaida huingia kwanza kwenye pipa, na hukaa humo mpaka ulimwage. Akafungua, akazikuta video zote, akabofya rejesha. (Ukifuta kilicho kwenye flashi, hilo pipa usilitegemee. Mara nyingi kinakuwa kimekwenda.)

Nisingemcheka, maana mimi niliumbuliwa na neno moja mbele ya ofisi nzima.

Nilikuwa mgeni kazini, nimepewa nafasi ya kuwasilisha mpango niliouandaa kwa wiki tatu. Asubuhi ile nikaikamata ile picha ndogo ya faili iliyokuwa kwenye uso wa kompyuta, nikainakili kwenye flashi, nikaitia mfukoni. Wakubwa wamekaa, projekta inawaka. Nikachomeka flashi, nikabofya mara mbili. Ukatokea ujumbe kwamba faili haipatikani. Nikabofya tena. Nikachomoa, nikaipuliza flashi kama vile ina vumbi, nikachomeka upya. Kijana wa kitengo cha kompyuta akasema kwa sauti, bila hata kuinuka kitini: "Bwana, hiyo ni shotikati. Umebeba kibao cha kuelekeza njia, nyumba umeiacha."

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Kwa miezi kadhaa jina langu pale likawa Shotikati. Mpango wenyewe alipewa mtu mwingine auwasilishe wiki iliyofuata, na mpaka leo nikilikumbuka hilo, tumbo linanikaza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba neno hilo nilishalisikia. Siku ya kwanza yule kijana alinionyesha kompyuta yangu, akataja shotikati, folda, draivu, sijui nini, nami nikawa natikisa kichwa, "Ndiyo, ndiyo, naelewa." Sikuelewa hata moja. Kumbe dalili zilikuwa wazi. Shotikati inaelekeza tu mahali faili halisi ilipo. Picha yake ina kimshale kidogo kwenye kona ya chini, na ukiangalia ukubwa wake unakuta kilobaiti moja au mbili, wakati kazi yangu halisi, pamoja na picha zake, ilikuwa megabaiti 18. Hakuna anayeweza kukunja megabaiti 18 zikaenea kwenye kilobaiti 2.

Basi nikaamua kujifunza. Hapa nitaruka, maana ni usiku mwingi wa kusoma na kupiga miayo. Siku hizi wale wale waliocheka ndio wanaonipigia simu printa ikigoma. Naipokea, ila huwa naiacha iite kidogo.

Turudi kwa dada yetu. Aliponiambia memori, nilimuuliza: ipi? RAM, yaani memori ya muda, ni yale uliyoyashika kichwani sasa hivi, wakati unafanya kazi. Diski ni daftari. Ukiandika kurasa tatu bila kuhifadhi, halafu kompyuta ikazimika ghafla, zilizokuwa kwenye RAM zimepotea, zilizokwisha kuingia kwenye diski zipo. Ndiyo maana tunawapigia kelele mbonyeze Ctrl na S kila mara. Yeye kichwa ndicho kilichokuwa kimejaa, naye akawa anachana kurasa za daftari. Hata angelichana lote, kichwa kisingepata nafuu. (Diski ikijaa pomoni nayo huleta usumbufu wake, lakini ya kwake ilikuwa tupu zaidi ya nusu.)

Kuna na biti na baiti, ambazo nazo zilinitia aibu. Biti ni sifuri au moja, basi. Biti 8 ndizo baiti moja. Niliwahi kugombana na watoa huduma wa intaneti siku nzima kwa sababu nililipia 40 kwa sekunde nikaona 5 tu. Kumbe walinipa megabiti 40, na kompyuta inahesabu megabaiti: gawanya kwa 8, unapata 5. Walioandika Mb kwa b ndogo walimaanisha biti. MB kwa B kubwa ni baiti. Herufi ile ile, ugomvi wa siku nzima, na mkosaji ni mimi. Vilevile usimwite muuzaji mwizi ukinunua diski ya gigabaiti 500 halafu Windows ikakuonyesha 465. Kutoka baiti kwenda kilobaiti, megabaiti, hadi gigabaiti, kila hatua kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.

Sasa nisikilizeni, nyote mnaotaka kufika mbali na hizi mashine. Acheni kutikisa kichwa! Neno usilolijua liulize hapo hapo, hata wakicheka. Usiulize tafsiri yake tu, uliza linafanya kazi gani, na umeme ukikatika linabaki na nini. Nimeshasema na nasema tena: uliza. Mwenye haya ndiye anayepuliza flashi mbele ya wakubwa.

Yule dada nilimwambia abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja aone nani anakula RAM. Akaniletea picha ya skrini: RAM gigabaiti 4, imejaa asilimia 93, na kivinjari peke yake kimekalia zaidi ya nusu. Nikamjibu kwa mbwembwe za kitaalamu: "Funga vichupo."

Ikapita kama nusu saa.

"Kaka, samahani. Vichupo ndiyo nini?"