Maswali na Majibu: Binti Hataki Kula, Kilo Hazirudi

Mwanangu wa miaka 15 ajinyima chakula tangu miezi minane. Daktari asema ni anoreksia. Tungoje mpaka atake mwenyewe? (Mama, Kisauni)

Usingoje, mama. Huko kutaka ndiko ugonjwa ulikomnyang'anya. Katika tiba ya familia, iliyoanzia hospitali ya Maudsley jijini London miaka ya 1980, mzazi ndiye apakuaye na kukaa naye mpaka sahani iishe. Mtoto hurudishiwa uamuzi kidogo kidogo, kilo zikipanda. Ugonjwa ambao haujatimiza miaka 3 hutibika kwa wepesi zaidi, na wiki za kwanza ndizo za kukazana: aliyeongeza karibu kilo 2 kufikia wiki ya nne ana matumaini kuliko aliyebaki palepale. Basi mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, wali na samaki wa kupaka mchana, uji wa maziwa usiku. Na shangazi wa "umekonda kama ufagio" asikaribie meza. Lawama nyumbani huchelewesha kupona.

Ala vizuri wiki mbili, mizani haisongi. Atudanganya? (Baba, Likoni)

Si lazima. Mwili uliozoea njaa ukianza kulishwa huchoma chakula kwa kasi, kwa hivyo sahani ya wiki jana haitoshi wiki hii. Ila angalia pia kama hafanyi mazoezi usiku mlango umefungwa, au kunywa maji mengi kabla ya kupimwa.

Ang'ang'ania kufunga Ramadhani. Mawifi wasema nisimzuie ibada. (Mama, Mji wa Kale)

Qur'ani 2:185 yampa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Imamu na daktari wamwambie wakiwa pamoja. Akisikia kwako peke yako atasema wamnyima thawabu. Ugonjwa huu hupenda kuvaa kanzu.

Afike kilo ngapi? (Mlezi, Changamwe)

Bado anakua, kwa hivyo kilo za mwaka jana hazitoshi. Mpelekee daktari kadi yake ya kliniki ya utotoni aone alivyokuwa akikua. Kwa msichana, hedhi kurudi ni dalili njema.

Hajala kitu siku sita. Nimshindilie? (Kaka, Bamburi)

La! Chakula kingi ghafla baada ya njaa ndefu hushusha madini ya damu, hasa fosfati, na moyo waweza kusimama. Mpeleke hospitali leo, wampime damu na moyo kabla ya kuanza kumlisha.